Vera Menchik: Mwanamke aliyewachapa wababe hadi wakaundiwa klabu

UTANI ulianza kama utani mwingi wa michezo unavyoanza, kabla mpira haujawekwa kati.

Ilikuwa mwaka 1929 katika mji wa Carlsbad, Czechoslovakia. Wachezaji 22 wa sataranji, mchezo ambao wengi siku hizi wanauita chesi, walikuwa wamekusanyika kwa moja ya mashindano makubwa ya zama hizo. Vigogo wa dunia karibu wote walikuwepo. Kati ya hao 22, wanaume walikuwa 21. Aliyebaki alikuwa msichana wa miaka 23, mnene kiasi, mpole, asiye na maneno mengi. Jina lake Vera Menchik.

Albert Becker, fundi kutoka Vienna, Austria, aliona hiyo ni kichekesho. Akatoa pendekezo kwa wenzake: yeyote atakayekubali kufungwa na msichana huyu aandikishwe uanachama wa klabu mpya, Klabu ya Vera Menchik. Atakayetoka naye sare asipewe kadi kamili, abaki mwombaji tu.

Watu wakacheka. Kisha ratiba ikamkutanisha Becker na Vera. Becker akala kichapo. Mwanachama namba moja wa klabu akawa yule yule aliyeianzisha.

Hadithi hiyo inasimuliwa hadi leo popote sataranji inapochezwa. Kinachosahaulika ni upande wa pili wa matokeo. Katika mashindano hayo Vera alicheza mechi 21. Alishinda mbili, akatoka sare mbili, akafungwa 17. Alikusanya pointi tatu na kuburuza mkia, nafasi ya 22 kati ya 22.

Mwingine angekusanya virago na kurudi kwenye mashindano ya wanawake, ambako tayari alikuwa bingwa wa dunia na hakuna aliyemgusa. Vera hakufanya hivyo. Miezi michache baadaye alikuwa mezani tena na wanaume, na mwaka uliofuata tena, na uliofuata tena. Klabu aliyoianzisha Becker kwa mzaha ikaanza kujaa majina mazito.

MTOTO WA MOSCOW

Vera alizaliwa Moscow, Urusi, Februari 1906. Baba yake, František Menčík, alikuwa Mcheki aliyekuwa akisimamia mashamba ya matajiri. Mama yake, Olga Illingworth, alikuwa Mwingereza aliyekwenda Urusi kulea na kufundisha watoto wa wakubwa. Baada ya Vera akazaliwa mdogo wake wa kike, akapewa jina la mama, Olga.

Familia haikuwa na shida. Baba alikuwa na kinu cha kusaga nafaka, na watoto walisoma shule nzuri. Vera alipofika miaka tisa, baba akampa seti ya sataranji na kumfundisha namna ya kucheza: ubao wa vyumba 64, kete 16 kila upande, na kazi moja tu, kumbana mfalme wa mwenzako hadi akose pa kukimbilia.

Kisha yakaja mapinduzi ya mwaka 1917. Kinu kikachukuliwa na serikali mpya ya Wabolsheviki, na nyumba nayo ikaenda. Mtoto aliyezoea maisha ya kujitosheleza akajikuta katika mji wenye njaa na baridi. Hata hivyo sataranji haikukatika. Akiwa na miaka 14 aliingia mashindano ya shule yake na kumaliza miongoni mwa watatu wa juu.

Mwaka 1921 familia ikaondoka Urusi, na ndoa ya wazazi ikafikia mwisho. Baba akarudi kwao Bohemia. Mama akawachukua mabinti wawili hadi Hastings, mji wa pwani kusini mwa Uingereza, kwa bibi yao mzaa mama.

MCHEZO USIOHITAJI MANENO

Vera alikuwa na miaka 15 na Kiingereza kilikuwa kinampiga chenga. Shule ilikuwa ngumu, marafiki walikuwa wachache. Lakini bahati ilikuwa imemwangusha mahali pake. Hastings ni mji wa sataranji kama ilivyo miji mingine kwa mpira. Klabu yake ilianzishwa mwaka 1882, na kila mwisho wa mwaka, kuanzia Krismasi hadi mwaka mpya, mafundi wa dunia hukutana huko kwa mashindano.

Mwaka 1923 Vera akajiunga na klabu hiyo. Pale mezani hakuna aliyemuuliza lafudhi yake. Kete zilikuwa zile zile alizoachiwa na baba, na sheria zilikuwa zile zile za Moscow.

Ndipo akakutana na Géza Maróczy. Huyu alikuwa Mhungaria, mmoja wa wachezaji wakali kabisa duniani mwanzoni mwa karne ya 20, ambaye wakati huo alikuwa akiishi na kufundisha Hastings. Maróczy hakuwa mtu wa mbwembwe. Alikuwa kama kocha anayeanza na ukuta wa nyuma: funga mianya, usikimbilie, subiri mwenzako akosee, kisha mmalize taratibu kete zinapobaki chache ubaoni.

Vera akaumeza mfumo huo wote. Maisha yake yote alicheza hivyo. Hakuwa mtu wa kushambulia ovyo. Alikuwa kisiki. Ukimvamia bila mpango unaishiwa pumzi, na ukiishiwa pumzi umekwisha.

Mwaka 1925 akapambana mara mbili na Edith Price, bingwa wa wanawake wa Uingereza, akamshinda zote mbili. Mwaka 1926 akatwaa ubingwa wa wasichana uliochezwa London, na mwaka 1927 akautetea. Mdogo wake Olga alikuwa nyuma yake katika nafasi za juu. Nyumba ya bibi ilikuwa imetoa wachezaji wawili.

TAJI LA KWANZA

Julai 1927, Shirikisho la Sataranji la Dunia, FIDE, lililoanzishwa Paris miaka mitatu kabla, liliandaa Olimpiadi yake ya kwanza jijini London. Sambamba nayo likaandaa kitu ambacho hakijawahi kuwepo: ubingwa wa dunia wa wanawake.

Waliingia wachezaji 12, kila mmoja akacheza na wote. Vera alikuwa na miaka 21. Alishinda mechi 10 na kutoka sare moja. Aliyemfuata, Katarina Beskow wa Sweden, alikuwa nyuma yake kwa pointi moja na nusu.

Vera Menchik akawa mwanamke wa kwanza katika historia kuitwa bingwa wa dunia wa sataranji. Wakati huo alihesabiwa kuwa mchezaji wa Urusi, nchi aliyokwishaihama na ambako hakuwa na nyumba tena.

Kilichofuata kwa upande wa wanawake kilikuwa ni dozi. Hamburg mwaka 1930 alitetea taji, ingawa hapo alifungwa mechi moja na Mjerumani Wally Henschel. Ikumbukwe mechi hiyo, maana ndiyo pekee aliyowahi kupoteza katika mashindano yote saba ya ubingwa wa dunia aliyocheza.

Prague mwaka 1931: mechi nane, ushindi nane. Folkestone mwaka 1933: mechi 14, ushindi 14. Warsaw mwaka 1935: mechi tisa, ushindi tisa. Stockholm mwaka 1937: mechi 14, ushindi 14.

Ukijumlisha hizo nne unapata mechi 45 za ubingwa wa dunia, ushindi 45, bila sare hata moja. Katika mpira hiyo ni sawa na timu kucheza zaidi ya msimu mzima wa ligi bila kudondosha pointi.

KLABU YAJAA

Swali ni kwa nini mtu mwenye rekodi kama hiyo alihangaika kwenda kuumizwa na wanaume. Jibu liko katika mashindano ya Ramsgate, Uingereza, mwaka 1929, miezi michache kabla ya Carlsbad.

Pale waandaaji walipanga wachezaji saba wa Uingereza upande mmoja na saba wa kigeni upande wa pili, kila mmoja akicheza na saba wa upande mwingine. Vera aliwekwa upande wa wageni, pamoja na José Raúl Capablanca wa Cuba, aliyekuwa bingwa wa dunia kuanzia mwaka 1921 hadi 1927. Alikuwepo pia Akiba Rubinstein, Mpoland ambaye wengi walimhesabu miongoni mwa mafundi wakubwa wa wakati wote, na mwalimu wake mwenyewe, Maróczy.

Capablanca alimaliza na pointi tano na nusu. Nyuma yake, kwa pointi tano, walifungana wawili: Rubinstein na Vera Menchik. Mwalimu Maróczy alikuwa chini yao. Mwanafunzi alikuwa amempita aliyemfundisha.

Matokeo hayo ndiyo yaliyomfanya Vera aalikwe kila mahali, na ndiyo yaliyomwonyesha kwamba kiwango chake halisi hakipimwi kwa kuwafunga wanawake wenzake 14 kwa 14. Kiwango hupanda kwa kucheza na aliyekuzidi. Alijua atafungwa mara nyingi, akakubali.

Hata Alexander Alekhine, bingwa wa dunia wa wakati huo aliyekwenda Carlsbad kuandikia gazeti, alimwandika kuwa ni mwenye kipaji kisicho cha kawaida na anayestahili kupewa nafasi zaidi ya kucheza na wakubwa, licha ya kumaliza mkiani.

Nafasi akapewa. Kila mwisho wa mwaka jina lake lilikuwa kwenye kundi la juu la Hastings. Na wanachama wapya wa klabu wakaanza kujiandikisha mmoja baada ya mwingine.

Mwanachama mzito kuliko wote alikuwa Max Euwe wa Uholanzi. Mashindano ya mwisho wa mwaka 1930 Euwe alitwaa ubingwa wa Hastings mbele ya Capablanca, lakini njiani alifungwa na Vera. Watu wakasema ni ajali. Mwaka uliofuata wakakutana tena Hastings. Vera akamfunga tena. Mwaka 1935 Euwe huyo huyo alimvua Alekhine taji la dunia. Kwa maneno mengine, mtu aliyekuja kuwa bingwa wa dunia wa wanaume alikuwa na kadi ya Klabu ya Vera Menchik, tena iliyogongwa muhuri mara mbili.

Alikuwemo Sultan Khan, Mhindi kutoka Punjab aliyetwaa ubingwa wa Uingereza mara tatu na kumfunga Capablanca. Alikuwemo Samuel Reshevsky, aliyekuwa mtoto wa ajabu wa sataranji nchini Poland kabla ya kuwa bingwa wa Marekani. Alikuwemo Friedrich Sämisch wa Ujerumani, aliyechapwa kule kule Carlsbad. Alikuwemo Edgard Colle wa Ubelgiji. Alikuwemo Hugh Alexander, Mwingereza ambaye wakati wa vita alikuja kuwa mmoja wa wakuu wa kuvunja siri za mawasiliano ya Wajerumani.

Alikuwemo pia Sir George Thomas, mmoja wa wanamichezo wa ajabu wa Uingereza. Huyu ndiye aliyetoa Kombe la Thomas linalogombewa hadi leo na timu za taifa za wanaume katika badmintoni, mchezo ambao alikuwa bingwa wake mara nyingi. Katika sataranji pia alikuwa bingwa wa Uingereza. Kwa Vera alikuwa mteja wa kudumu.

Mwaka 1934 huko Maribor, Yugoslavia, Vera alimaliza wa tatu nyuma ya Vasja Pirc na Lajos Steiner, akimwacha Rudolf Spielmann, mmoja wa washambuliaji hatari zaidi wa zama hizo. Kufikia hapo hakuna aliyekuwa anacheka tena alipoona jina la Vera kwenye ratiba yake. Waliokuwa wakitoka naye sare walishusha pumzi.

Hata hivyo haki itendeke kwa pande zote. Capablanca na Alekhine hakuwahi kuwafunga, na kila walipokutana naye walimwadhibu. Vera hakuwa bora kuliko wanaume wote. Alichofanya ni kuondoa neno moja vinywani mwa watu: neno haiwezekani.

KURUDI NYUMBANI

Februari 1935 alirudi Moscow. Alikuwa ameondoka akiwa binti wa miaka 15 wa familia iliyofilisiwa. Sasa alirudi kama mgeni rasmi wa serikali ile ile, bingwa wa dunia, kucheza katika mashindano makubwa yaliyofanyika kwenye Jumba la Makumbusho ya Sanaa.

Urusi ya Kisovieti ilikuwa imeifanya sataranji kuwa mchezo wa umma. Maelfu ya watu walifurika kutazama watu wawili wakiwa wamekaa kimya mezani, kama watu wanavyofurika uwanjani siku ya watani wa jadi. Ungetamani hadithi hii iseme kwamba msichana wa Moscow aliwasha moto mbele ya watu wa kwao.

Haikuwa hivyo. Mikhail Botvinnik na Salo Flohr walifungana kileleni kwa pointi 13. Emanuel Lasker, mzee wa miaka 66, akawa wa tatu bila kufungwa hata mechi moja. Vera alicheza mechi 19, akapata sare tatu, akafungwa 16. Pointi moja na nusu. Mkiani tena, safari hii mbele ya mji uliomzaa.

Miezi michache baadaye mwaka huo huo alikuwa Warsaw, akashinda mechi tisa kati ya tisa na kutetea taji lake la dunia. Ndivyo alivyokuwa. Kipigo cha jana hakikumzuia kufika kazini leo.

Lakini Warsaw ilikuwa na msiba wake. Agnes Stevenson, aliyewahi kuwa bingwa wa wanawake wa Uingereza mara nne, alikuwa safarini kwenda kushiriki. Ndege ilitua Poznań kwa ukaguzi wa hati za kusafiria. Wakati akirudi kwenye ndege, alipita mbele ya panga boi lililokuwa likizunguka, akafa papo hapo.

Mumewe, Rufus Stevenson, alikuwa kiongozi katika Shirikisho la Sataranji la Uingereza na mtu aliyefahamiana na Vera kwa miaka mingi. Oktoba 1937 mjane huyo alimwoa Vera. Alikuwa amemzidi mkewe kwa miaka 28. Kwa ndoa hiyo Vera akawa raia wa Uingereza.

Hiyo ikawa bendera yake ya tatu. Alianza na Urusi, akachezea Czechoslovakia nchi ya baba yake kwa miaka mingi, na sasa akawa mchezaji wa nchi ya mama yake.

SONJA GRAF

Kila bingwa ana mpinzani wake wa kweli, na wa Vera alikuwa Sonja Graf, Mjerumani aliyekulia Munich. Hawa wawili walikuwa kama maji na moto. Vera alikuwa mtulivu, Sonja alikuwa mtu wa starehe, aliyevaa suti za kiume na kuvuta sigara hadharani. Vera alijenga ukuta, Sonja alipenda kushambulia.

Mwaka 1937 walikutana Semmering, Austria, katika pambano la mechi 16 la kugombea taji la dunia. Sonja alishinda mechi mbili, jambo ambalo wanawake wengine wangelisherehekea mwaka mzima. Vera alishinda tisa, tano zikawa sare. Matokeo yakawa pointi 11 na nusu kwa nne na nusu.

Walikutana tena Buenos Aires, Argentina, mwaka 1939. Safari hii Sonja hakuwa na nchi. Hakuelewana na utawala wa Hitler, na Ujerumani ikamwondoa. Akacheza chini ya bendera isiyo ya taifa lolote, ameandikishwa kama mchezaji huru.

Septemba 1, mashindano yakiwa katikati, Ujerumani ikaivamia Poland. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ikawa imeanza. Timu ya wanaume ya Uingereza ikafunga mizigo na kurudi nyumbani. Vera akabaki kumaliza mechi zake.

Katika mechi yao, Sonja alimbana Vera barabara. Ushindi ulikuwa mkononi, kilichobaki ni kumalizia, kama straika aliyebaki na lango tupu. Akapaisha. Akakosea, akakosea tena, na kisiki kikafanya kazi yake. Vera akageuza mechi na kushinda.

Alimaliza akiwa na ushindi 17 na sare mbili katika mechi 19. Sonja akawa wa pili. Lilikuwa taji la saba la Vera katika mashindano saba. Katika mechi 83 za mashindano hayo alikuwa ameshinda 78, sare nne, na kufungwa moja tu, ile ya Hamburg.

Wachezaji wengi walioogopa vita hawakurudi tena Ulaya. Sonja Graf alibaki Argentina. Albert Becker, mwanachama namba moja wa klabu, ambaye alikuwa amekwenda huko na timu ya Ujerumani, naye alibaki, na aliishi Argentina hadi kifo chake mwaka 1984. Vera alikuwa na mume, mama na mdogo wake London. Akapanda meli, akarudi kwenye vita.

USIKU WA CLAPHAM

London, Vera akapewa kazi ya kusimamia Kituo cha Taifa cha Sataranji, kilichokuwa ndani ya duka kubwa la John Lewis mtaa wa Oxford. Mwaka 1940 mabomu ya Wajerumani yaliliteketeza jengo hilo, na kituo kikaenda nalo.

Aliendelea kucheza pale palipochezeka. Mwaka 1942 alipambana katika mechi 10 na Jacques Mieses, mkongwe aliyekimbia Ujerumani. Vera alishinda nne, akafungwa moja, tano zikaisha sare.

Mwaka 1943 mumewe akafariki dunia. Vera akabaki mjane, akiishi na mama yake na mdogo wake Olga huko Clapham, kusini mwa London.

Juni 1944 vita ilionekana inaelekea ukingoni. Majeshi ya washirika yalikuwa yameshatua Normandy. Lakini katikati ya mwezi huo Hitler akaanza kurusha London silaha mpya, bomu lenye mabawa lisilo na rubani, V-1. Watu walilisikia likija kwa mngurumo. Mngurumo ukikatika ghafla, walijua linashuka.

Usiku wa kuamkia Juni 27, moja lilishukia nyumba ya familia hiyo. Vera, mdogo wake Olga na mama yao walikufa wote watatu. Mama na mabinti wawili waliotoka pamoja Moscow mwaka 1921 waliondoka pamoja. Vikombe vya Vera vilikwenda na nyumba hiyo.

Alikuwa na miaka 38. Alikuwa bingwa wa dunia.

KITI KITUPU

Taji lake halikuwa na wa kumrithi. Kwa kawaida bingwa hupatikana kwa kumfunga bingwa, na aliyekuwa bingwa hakuwa amefungwa na mtu. FIDE ilisubiri vita iishe, kisha ikaita wachezaji 16 kugombea kiti hicho majira ya baridi ya 1949 na 1950. Mashindano yalifanyika Moscow, mji aliozaliwa Vera, na mshindi alikuwa Lyudmila Rudenko wa Umoja wa Kisovieti.

Kuanzia hapo taji la wanawake halikutoka mikononi mwa wachezaji wa Kisovieti hadi mwaka 1991. Nchi iliyomchukulia baba yake kinu ndiyo iliyolishika taji lake kwa miaka 41.

Vera alikuwa amelishika kwa miaka 17, tangu 1927 hadi usiku ule wa Clapham. Baadaye wamekuja wanawake waliocheza vizuri kuliko yeye, waliowafunga wanaume wakubwa zaidi na kufika mbali zaidi katika viwango vya dunia. Kila mmoja wao alikuta mlango uko wazi, na hakuna aliyemuundia klabu ya mzaha.

Mwaka 1957 ikachezwa Olimpiadi ya kwanza ya sataranji ya wanawake huko Emmen, Uholanzi, nchi ya Max Euwe. Timu inayoshinda hupewa kombe. Linaitwa Kombe la Vera Menchik.